Vyungu vya mtoto kutoka Kisale: niliviuza, sasa nauliza

Mwana_Kamalondo (mleta uzi)

Wakubwa, salamu zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kiangazi cha mwaka jana mjomba wangu alikuja hapa Lubumbashi kutoka Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale. Safari yake ni ile ile ya kila mwaka: mashua hadi Bukama, halafu lori, yeye na makapu yake mawili ya samaki wakavu. Tulipopakua, kapu la pili lilikuwa na uzito ambao samaki hawana. Chini kabisa, ndani ya kipande cha chandarua, kulikuwa na vyungu vidogo saba, bangili mbili nyembamba, na bonge la krwazeti, ile misalaba ya shaba, imegandana kwa kutu ya kijani. Si ile mikubwa tunayoijua. Hii haikuzidi kidole kwa urefu. Mjomba alisema vilitoka "kule tunakochimba udongo wa matofali". Akanyamaza, akaomba maji ya kuoga.

Chungu kimoja nakikumbuka hadi leo. Kilikaa kwenye kiganja changu kama yai. Kina kishikio upande mmoja na mdomo wa kumiminia mwembamba kama kidole cha mwisho. Nilikisugua kwa mswaki wa zamani, nikatia maji, nikamimina: yakatoka mstari mmoja, hata tone halikupotea pembeni. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. "Hicho ni cha marehemu. Hakilali ndani ya nyumba yangu." Kikalala kwenye kibanda cha makaa.

Komisioneri, yaani dalali, nilimtafuta mimi. Alipiga picha kwa simu, kesho yake akarudi na mnunuzi. Hakutaja jina, nasi hatukuuliza. Alichukua vyungu sita, cha saba akakiacha kwa sababu ukingo umemeguka. Misalaba aliitenganisha kwa kisu ili aihesabu. Ile sauti ya kisu kwenye shaba bado naisikia. Bangili zikawa matabishi, kama mama wa sokoni anavyokuongezea nyanya mbili. Dola 180 kwa vyote: mjomba 120, komisioneri 30, mimi 30. Nililipa deni dukani, nikanunua mfuko wa unga.

Juzi niko kwenye simu nikaona chungu cha namna ile ile kinauzwa Ulaya. Bei ya kimoja ingenunua kapu letu zima mara nyingi, na samaki juu. Lakini si bei iliyoninyima usingizi. Chini ya picha waliandika "kutoka kaburini". Kwa hiyo wanajua, wanaandika, na ndiyo sifa yake.

Je, nilikosa? Msinipe jibu la kanisani.

---

Katuba_Moja

Yaya, juu ya nini unalia? Bazungu balibeba bintu yote, na masanduku na meli, hakuna mutu aliitwa mwizi. Siye tukiuzisha kachungu kamoja ju ya unga, njo tunaitwa bezi? Miye sione kosa. Mujomba yako aliona bintu mu udongo ya kwabo, akauzisha. Basi.

---

Kigoma_Ng'ambo

Mkuu, huku Tanzania tuna ugonjwa wetu unaofanana na huo: hazina ya Mjerumani. Watu wameambiwa Wajerumani walipokimbia kwenye vita ya kwanza walizika dhahabu na rupia. Basi kila jiwe lenye alama linachimbuliwa, kila kaburi la zamani lenye saruji linabomolewa usiku. Mimi binafsi nimemjua mtu aliyeuza ng'ombe akodishe mashine ya kupimia. Alipata kijiko.

Nyie angalau mnapata kitu.

---

Mama_wa_Ruashi

Mimi nitasema langu fupi.

Miaka mitatu iliyopita tulikwenda kusafisha kaburi la baba. Tulikuta vigae vimevunjwa na nondo zimeng'olewa. Mtu alichukua chuma akauza kwa kilo. Kijana wangu alitaka kwenda kupigana na wanunuzi wa vyuma chakavu wote wa mtaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia "mama, ni njaa, ni biashara, hata wazungu waliiba". Wote walisema ni laana.

Sasa naomba wenye akili mnifahamishe: ni miaka mingapi inapita mpaka kaburi ligeuke kuwa mgodi? Baba yangu ana 11. Huyo wa Kisale ana ngapi?

---

Mwalimu_wa_Zamani

Mama, swali lako limenizuia kulala. Nimefundisha historia miaka mingi, acha nijibu la Kisale kwanza, lingine sina jibu lake.

Makaburi ya bonde la Upemba yalianza kuchimbwa kitaalamu pale Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957 na Jacques Nenquin, na 1958 akaendelea Jean Hiernaux. Kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi na kupanua kazi hadi Katongo, Malemba-Nkulu na kwingine. Vyungu anavyoeleza mleta uzi, vyenye vishikio na midomo ya kumiminia, ni vya wakati unaoitwa wa Kisale, tangu karne ya 8 hadi ya 13 hivi. Kwa hiyo, mama, huyo marehemu ana miaka 700 kwa uchache.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mnunuzi hakumwambia kijana. Wachimbaji wale waligundua kwamba ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa aliyezikwa. Mtu mzima alipewa vyungu vya kawaida. Mtoto alifinyangiwa vyake, vidogo, kwa kipimo chake. Na baadhi ya makaburi ya watoto yalikuwa na mali nyingi kuliko ya wazee. Hapo ndipo walipotambua kwamba kule Kisale, kabla hajafika Mwarabu wala Mreno, tayari kulikuwa na watu waliozaliwa wakiwa wakubwa, maana mtoto mdogo hajapata muda wa kujitafutia heshima mwenyewe.

Haya yote yalijulikana kwa sababu vyungu vilikutwa pamoja na mifupa, vikachorwa mahali vilipokaa kabla ya kuguswa. Ukiondoa kimoja kimoja na kukiuza, kinabaki chungu kidogo kizuri. Mtoto ameondoka kwenye hadithi.

Na kuna lingine. Ile misalaba midogo si ya wakati mmoja na vyungu hivyo. Misalaba ya mwanzo ilikuwa mikubwa, ikiwekwa mmoja kifuani. Karne zilivyopita, ikawa midogo, mingi, ya vipimo vinavyokaribiana, na inakutwa karibu na mikono au kiuno. Kutokana na mabadiliko hayo ndipo wataalamu walipoona shaba inageuka kuwa pesa, na shaba yenyewe haipatikani Upemba, ilitoka kusini huku kwetu. Kwa hiyo kapu la mjomba lilikuwa na makaburi mawili kwa uchache, yameachana kwa miaka mia kadhaa, yakachanganywa chini ya samaki.

Hicho chungu cha saba, cha ukingo uliomeguka, bado unacho?

---

Mwana_Kamalondo

Kipo, mwalimu. Kibandani kwenye makaa.

Sikujua habari ya mtoto. Nimesoma jibu lako mara tatu.

---

Krezeri_Mstaafu

Mwalimu, heshima yako naijua, lakini hapa umepita kando ya jambo lenyewe.

Nimechimba miaka tisa. Heterojeniti yenye kobalti, malakiti yenye shaba, chochote kilichokuwa na bei. Nimeingia shimo la mita thelathini kwa kamba na taa ya kichwani. Kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu walichimba ndani ya vyumba vyao vya kulala, kitanda kimesogezwa ukutani. Kwa hiyo msinifundishe habari ya mtu kuchimba kwao.

Maswali yangu ni haya. Huyo marehemu wa Sanga alimpa profesa ruhusa? Familia iliitwa? Mbuzi alichinjwa? Profesa alifukua kaburi, akaandika kitabu, akapata cheo, mshahara, na pensheni. Mifupa ikaingia kwenye sanduku. Mjomba wa kijana amefukua kaburi akapata dola 120. Wote wawili wamekula kwa marehemu, tofauti ni kwamba mmoja alikula akiwa na kalamu mkononi.

La pili. Kalukuluku, mgodi mnaouita Étoile, hapo mlangoni mwa mji, palikuwa na mashimo ya wazee wetu waliochimba shaba kabla ya mzungu yeyote. Kipushi vilevile. Kampuni ya madini, Union Minière, ilianzishwa 1906, tanuri la Lubumbashi likawaka 1911, na yale mashimo ya kale yakamezwa na mashimo mapya. Kazi ya mamia ya miaka! Nani alilipa? Leo hii tingatinga likipita juu ya makaburi ya kijiji kizima, inaitwa maendeleo. Mvuvi akitoa vyungu saba inaitwa uhalifu.

Sisemi alifanya vizuri. Nasema muanze na wakubwa.

---

Katuba_Moja

Njo ile! Muzee amesema.

Na hata jino, yaya. Lumumba aliuawa hapa karibu, 1961, polisi wa Ubelgiji akabeba jino, akakaa nayo nyumbani kama kitu ya kuonyesha bageni. Balirudisha 2022. Jino moja, miaka 61.

---

Njia_ya_Kasenga

Naongezea kwa Katuba. Kule kwa Watabwa, karibu na Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1884 watu wa Émile Storms, afisa wa Ubelgiji, walimkata kichwa chifu Lusinga. Fuvu likapelekwa Ubelgiji, na sanamu ya ukoo wake ikaishia makumbusho ya Tervuren. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wetu wa wakati huo, Sama Lukonde, orodha ya vitu 84,000. Orodha tu! Juni mwaka huo mfalme akaja Kinshasa na barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, na alichosema ni kwamba inakuja kwa mkopo usio na mwisho. Unamkopesha mtu kitu chake mwenyewe.

Lakini ukweli una pande zote, nao utauma. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilileta Kinshasa vitu 114. Baadaye baadhi yake viliibwa, vikaonekana sokoni. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, makumbusho yaliporwa. Hakuna Mbelgiji aliyeingia na gunia siku hizo. Kwa hiyo mtu akiniambia "kipeleke makumbusho", mimi namuuliza: mlango una kufuli?

---

Fundi_Shaba_Lubum

Nimecheka na kulia kwenye uzi huu. Acha nitoe siri ya kazi.

Mimi natengeneza krwazeti. Nanunua shaba chakavu, nayeyusha kwenye tanuri dogo, namimina kwenye kalibu ya mchanga, upande wa juu nauacha wazi ili upate yale makunyanzi ya asili. Wazee walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na kupuliza kwa mivukuto ya ngozi. Mimi nina feni ya gari bovu. Msalaba ukipoa unaingia kwenye udongo wenye chumvi na mkojo, wiki mbili au tatu, unatoka umezeeka kuliko babu yangu.

Nimeuza misalaba ya "karne ya 14" iliyozaliwa mwezi uliopita. Najua ni uongo. Lakini kila mmoja ninaouza, kuna kaburi moja limepumzika. Hebu niambieni kosa langu liko wapi.

---

Mwalimu_wa_Zamani

Fundi, kosa lako ni dogo na umelieleza kwa raha kiasi kwamba naona haya kukukemea. Ila fikiria upande wa mnunuzi. Akishagundua kwamba mji umejaa misalaba ya mkojo, atadai uthibitisho. Atataka msalaba wenye udongo wake, uliogandana na mwenzake, ikiwezekana na mfupa pembeni. Kwa nini unadhani kule Ulaya wameandika "kutoka kaburini" chini ya picha? Ndiyo hati ya uhalali kwao. Misalaba yako ya bandia imepandisha bei ya kaburi.

Uza kwa jina lako, fundi. Msalaba huo ulikuwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960 na kwenye sarafu za 1961, kila mtoto wa mji huu anautambua. Sema "nimetengeneza mimi, Lubumbashi", uone kama hatutanunua.

Kwa mzee mstaafu. Nimelifikiria neno lako tangu asubuhi na sehemu kubwa nakubali. Hakuna aliyeomba ruhusa Sanga kwa namna ambayo mama wa Ruashi angeikubali. Na kampuni zilikula mashimo ya wazee bila hata kuchora ramani. Hilo ni kubwa kuliko makapu yote ya samaki. Sheria ya madini ya 2002 inamtaka mwenye leseni asisogeze vitu vya urithi anavyokutana navyo, atoe taarifa. Na amri-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi nzima. Karatasi tunazo.

Lakini usiniambie kalamu ni kitu kidogo. Profesa alipomaliza, wewe na mimi tunajua kwamba kule Kisale mtoto alifinyangiwa vyungu vya kipimo chake. Mnunuzi alipomaliza, tunajua nini?

---

Krezeri_Mstaafu

Tunajua bei.

Sawa, mwalimu, hapo umenipata. Ila mtoto wa mjomba yule bado anataka kula, na kalamu ya profesa haikumwachia kitu. Wangemwajiri mlinzi wa yale makaburi kwa dola 120 kwa mwezi, asingeuza hata kigae.

---

Mama_wa_Ruashi

Hilo la mlinzi limenigusa. Watu wa pale pale walipwe walinde marehemu wa pale pale.

Lakini mmenizunguka, wanaume. Mwalimu amesema huyo alikuwa mtoto. Mtu alikaa akafinyanga vyungu saba vidogo, mmoja baada ya mwingine, na mtoto ameshafariki au anakaribia kufa. Mimi nimezika mtoto. Nilimshonea gauni jipya usiku, tena nikapiga pasi. Kama kuna mtu leo anauza gauni lile, sitaki kujua analiuza kwa bei gani wala limeandikwa nini chini ya picha.

Kijana, kirudishe.

---

Kigoma_Ng'ambo

Naufuta utani wangu wa kijiko. Poleni, mama.

---

Mwana_Kamalondo

Nimekawia kurudi, nisameheni.

Jumamosi nilikitoa chungu kibandani. Mama aliniona, hakusema kitu, akaniletea beseni na kitambaa safi. Tulikiosha wawili. Ndani, chini ya masizi ya makaa, kuna alama ya kidole cha mfinyanzi pale kishikio kilipobandikwa. Kidole chembamba. Mama aliweka chake juu ya alama kikakaa sawa.

Nilikipeleka mjini kwa mtu mmoja msomi wa mambo haya, rafiki wa rafiki. Hakunigombeza. Alikigeuza, akakiweka juu ya meza, akachukua daftari, akaniuliza: kimetoka wapi? Nikasema Kinkondja. Akasema Kinkondja ni kubwa, kimetoka shimo gani, kirefu kiasi gani, kilikuwa upande gani wa mwili, kulikuwa na nini kingine? Nilibaki namwangalia. Aliandika jina la Kinkondja, akapiga mstari, akasubiri.

Jioni ile nilimpigia mjomba. Mtandao ulikatika mara mbili, mara ya tatu akapatikana, upepo wa ziwa unavuma kwenye simu. Nikamweleza yote: mtoto, vyungu kwa kipimo, msomi na daftari lake. Nikamwomba anikumbushe shimo lile lilikuwa wapi hasa, nije mwenyewe, tukirudishe pamoja, mama atatoa mbuzi.

Akakaa kimya. "Mashimo ni mengi, mwanangu. Mvua ilishapita, tumeshafyatua matofali." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeangalia nyuma yake.

"Kwani yule mnunuzi amerudi?"